Vivumishi vya Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa darasa la jioni hapa Mwanga. Wapo vijana wa Kidato cha Kwanza waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa wanakutana na baiolojia na jiografia kwa Kiingereza. Wapo wenye boti wanaopeleka wageni Hifadhi ya Gombe, na wapo kina mama wa dagaa wa Kibirizi wanaotaka kuelewana na wanunuzi kutoka nje. Shida zao kwenye vivumishi zinafanana, na nyingi zina mzizi mmoja: Kiswahili kinafunga sifa na kitu chake kwa kiambishi, Kiingereza kinavifunga kwa mahali neno linapokaa. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo.

Kivumishi ni kipi hasa?

Ni neno linaloeleza nomino: ikoje, kubwa kiasi gani, ya rangi gani, imetoka wapi. "Big", "red", "fresh" na "Tanzanian" ni vivumishi. Kiingereza kinakiweka kivumishi sehemu kuu mbili. Kinaweza kutangulia nomino, kama "a big boat", boti kubwa. Au kinafuata kitenzi, kama "The boat is big", boti ni kubwa. Hiyo "is" usiiache. Sisi tunaweza kusema "boti kubwa hii" tukaeleweka kuwa tunasifia, lakini "The boat big" kwa Kiingereza ni sentensi iliyovunjika.

Mwalimu, kwa nini wanasema "big boat" na si "boat big"?

Kwa sababu Kiingereza hakina kitu kingine cha kuonyesha sifa hiyo ni ya nani. Angalia mfano wa sokoni. Ukisema "kikapu cha dagaa kikubwa", kila mtu anajua kikubwa ni kikapu, maana ki- inakwambia. Ukisema "kikapu cha dagaa wakubwa", wa- inakupeleka kwa dagaa. Kivumishi kimekaa mahali pale pale mwishoni, kiambishi ndicho kimefanya kazi yote.

Kiingereza hakina ki- wala wa-. Kwa hiyo lazima neno lisogee: "a big basket of sardines" ni kikapu kikubwa, "a basket of big sardines" ni dagaa wakubwa. Neno "big" halikubadilika hata herufi moja, limehama tu. Ndiyo maana mwanafunzi anayeweka kivumishi mahali popote, akitegemea msikilizaji atajua mwenyewe, anamwacha msikilizaji gizani.

Wanaoongea Kiha nyumbani wana mazoea hayo hayo, kwa kuwa Kiha nacho ni lugha ya ngeli na nomino hutangulia. Wana lugha mbili zinazowavuta upande mmoja, kwa hiyo wasivunjike moyo wakichukua muda kidogo kuzoea.

Kwa wingi inakuwaje? "Bigs boats"?

Hapana. "One big boat, ten big boats." Nomino inapokea -s, kivumishi kinabaki kilivyo. Hakina umoja wala wingi, hakijali mtu, mnyama wala kitu.

Jambo hili linaonekana geni, lakini Kiswahili chenyewe kinalo. Tuna vivumishi vinavyobadilika, kama -kubwa, -dogo na -zuri, na tuna visivyobadilika: safi, ghali, rahisi, hodari, muhimu, laini. Kikombe safi, vikombe safi, maji safi, watoto safi. Hakuna anayesema "visafi". Basi chukulia kwamba vivumishi vyote vya Kiingereza ni ndugu wa "safi". Naliona hili ndilo somo la kumpa mwanafunzi siku ya kwanza, kabla ya kanuni nyingine yoyote, kwa sababu linamwonyesha kwamba analijua tayari.

Hapo zamani Kiingereza nacho kilibadilisha vivumishi. Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita kilikuwa na viishio vya umoja, wingi na jinsi. Viishio hivyo vilipotea polepole katika karne zilizofuata, na kadiri vilivyopotea ndivyo mpangilio wa maneno ulivyokuwa mgumu kuvunjwa. Vilivyobaki vikibadilika ni maneno ya kuonyesha: "this boat" lakini "these boats", "that boat" lakini "those boats".

"A" au "an"?

Sikiliza neno linalofuata mara moja, hata kama si nomino. Ni "a boat", lakini "an old boat", kwa sababu "old" inaanza na sauti ya irabu. Ni "an island", lakini "a small island". Kinachohesabika ni sauti, si herufi: "an honest man" kwa kuwa h haisikiki, na "a useful book" kwa kuwa "useful" inaanza na sauti ya y.

Kwa nini mgeni alishtuka nilipomwambia samaki wangu ni "raw"?

Swali hili lina uzito wa pesa kwa wauza migebuka, kwa hiyo tulichukulie taratibu.

Muuzaji alitaka kusema samaki mbichi, yaani hajakaushwa, ametoka ziwani alfajiri. Lakini "raw" ni kisichopikwa, na hapo mgeni anadhani anaambiwa amle vile vile. Neno alilolihitaji ni "fresh". Samaki mbichi wa mnadani ni "fresh fish". Nyama mbichi iliyo kwenye sufuria bado haijawekwa motoni ni "raw meat". Ndizi mbichi ni "unripe" au "green bananas". Nguo mbichi kwenye kamba ni "wet clothes". Kivumishi kimoja cha kwetu, vinne vya kwao.

Ndivyo ilivyo kwa vivumishi vyetu vingi vya kila siku, hasa vile vifupi tunavyovipenda. Chukua -refu. Mtu mrefu ni "tall", barabara ndefu ni "long", mlima mrefu ni "high", na maji marefu ni "deep". Mwenye boti akimwonya mgeni kwamba maji ni "long" hajamwonya kitu. Ziwa Tanganyika linahitaji maneno mawili kati ya hayo kwa wakati mmoja: lina urefu wa kilomita 670 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, hapo ni "long", na kina chake kinafika mita 1,470 hivi, hapo ni "deep".

Au -kali. Kisu kikali ni "sharp". Mbwa mkali ni "fierce". Mwalimu mkali ni "strict". Pilipili kali ni "hot". Dawa kali ni "strong". Mwanafunzi akiandika "My teacher is sharp" amemsifia mwalimu wake kwa akili, wakati yeye alitaka kusema anaogopa kuchelewa darasani. Na -zito: mzigo mzito ni "heavy", uji mzito ni "thick". Na -gumu: mti mgumu ni "hard", mtihani mgumu ni "difficult", nyama ngumu ni "tough".

Upande wa pili nao una mitego yake. "Old" ni mzee kwa mtu, kuukuu kwa nguo, ya zamani kwa meli. Lakini "an old friend" hazungumziwi umri wake: ni rafiki wa siku nyingi, na anaweza kuwa na miaka kumi na minane.

Ushauri wetu ni mmoja na tunausisitiza: usiandike kwenye daftari "kali = sharp". Andika "kisu kikali = a sharp knife", "mbwa mkali = a fierce dog". Kivumishi kijifunze pamoja na nomino yake. Mwanafunzi mwenye jozi mia moja za namna hiyo anaongea vizuri kuliko aliyekariri vivumishi mia tano vilivyo peke yake.

"I have hunger" ina kosa gani?

Kosa ni kwamba imebeba "nina njaa" neno kwa neno. Mahali ambapo Kiswahili kinatumia "kuwa na", Kiingereza mara nyingi kinatumia kivumishi baada ya "am", "is" au "are". Nina njaa: "I am hungry." Nina kiu: "I am thirsty." Nina uhakika: "I am sure." Ana bahati: "She is lucky." Ana miaka kumi: "He is ten years old", na huyo "old" ni kivumishi pia.

Kuna kundi la pili ambalo kwetu ni vitenzi. Nimechoka ni "I am tired." Amelewa ni "He is drunk." Ndoo imejaa ni "The bucket is full." Boti imeharibika ni "The boat is broken", ingawa kwa injini watu husema zaidi kwamba haifanyi kazi. Kiswahili hakina vivumishi vingi vya asili, na hilo si upungufu hata kidogo: kazi hiyo tunaifanya kwa vitenzi, kwa "-enye" na kwa "-a". Mwenye nguvu ni "strong", -a mbao ni "wooden", -a mviringo ni "round". Kwa hiyo unapotafuta kivumishi cha Kiingereza usikitafute kwenye vivumishi vya Kiswahili tu. Huenda kimejificha kwenye kitenzi.

"I am bored" na "I am boring" si sawa?

Ziko mbali sana. "Bored" ni mtu aliyechoshwa. "Boring" ni mtu au kitu kinachochosha wengine. Ukimwambia mwalimu "I am boring" umejisema vibaya bila kukusudia.

Kanuni yake ni rahisi: umbo la -ed ni la anayeguswa na hali, umbo la -ing ni la kinacholeta hali. Safari ya treni kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200, ni "tiring", na abiria anayeshuka hapa stesheni ni "tired". Sokwe wa Gombe ni "interesting", na mgeni aliyewafuata tangu asubuhi ni "interested". Kiswahili kinafanya kazi hii kwa mnyambuliko wa vitenzi, kuchoka na kuchosha, kufurahi na kufurahisha. Ukisikia -sha kichwani mwako, andika -ing.

Nikiwa na vivumishi vitatu, kipi kinatangulia?

Kiingereza kina foleni yake. Maoni ya msemaji hutangulia, kisha ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, malighafi, na mwisho kabisa matumizi, ndipo nomino. Mwingereza wa kawaida hajawahi kufundishwa foleni hiyo, lakini ikivurugwa anasikia imevurugika.

Mfano mzuri uko bandarini kwetu. MV Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kuieleza meli hiyo kwa Kiingereza unasema "a big old German passenger ship". Ukubwa, umri, asili, matumizi. Jaribu "a German old passenger big ship" na utaona hata mwanafunzi wa wiki ya pili anasita.

Mantiki yake inaonekana ukitazama kutoka kwenye nomino kurudi nyuma. Kilicho karibu kabisa na "ship" ni "passenger", kwa sababu ndicho kinachoifanya iwe meli ya aina hiyo. Asili yake, Ujerumani, haibadiliki. Umri unabadilika polepole. Maoni kama "beautiful" ni ya msemaji na kesho anaweza kuyabadilisha, ndiyo maana yanakaa mbali. Gauni la kitenge kilichovuka ziwa kutoka Congo ni "a beautiful new blue Congolese dress", kwa mantiki hiyo hiyo.

Lakini katika maongezi ya kawaida vivumishi viwili vinatosha, vitatu ni vingi. Hatupendi mazoezi yanayomlazimisha mtoto kupanga saba mbele ya nomino moja, kwa sababu hakuna anayeongea hivyo.

Kuhusu mkato: vivumishi viwili vya kundi moja, hasa vya maoni, hutenganishwa kwa mkato, kama "a boring, tiring journey". Vya makundi tofauti haviuhitaji, kama "a big old ship". Rangi mbili kwenye kitu kimoja huunganishwa kwa "and": "a black and white goat".

"The fish smells bad" au "smells badly"?

"Bad". Vitenzi vya hisia kama "smell", "taste", "look", "feel" na "sound", pamoja na "seem" na "become", hufuatwa na kivumishi, kwa kuwa kinachoelezwa ni samaki, si kitendo cha kunusa. "This soup tastes good." "You look tired."

Kitendo kikielezwa, ndipo kielezi kinaingia: "She sings beautifully." "He speaks English well", wala si "good". Angalia maneno machache yanayochanganya. "Fast" na "hard" ni vivumishi na vielezi kwa umbo lile lile. "Hardly" si kwa bidii, ni kwa shida au karibu na hapana, hivyo "He hardly works" ni lawama. Na "friendly" ina -ly lakini ni kivumishi: "a friendly man".

Nalinganishaje vitu? Mbona "more cheaper" linakatazwa?

Kwa sababu ulinganisho umewekwa mara mbili. "Cheaper" tayari ina maana ya nafuu zaidi. "More" inatokana na "zaidi" yetu inayotujia mdomoni yenyewe.

Vivumishi vifupi vya silabi moja hupokea -er na -est: "deep, deeper, the deepest". Ziwa Tanganyika "is deeper than Lake Victoria", ambalo kina chake hakizidi sana mita 80. Duniani ziwa lenye kina kuliko yote ni Baikal la Urusi, mita 1,642, na letu linafuata: "the second deepest lake in the world". Neno "the" hapo halikosekani.

Vyenye silabi mbili vinavyoishia na y hubadilisha y kuwa i: "heavy, heavier, the heaviest". Vile vifupi vyenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni, konsonanti hurudiwa: "big, bigger, the biggest". Virefu hutumia "more" na "the most": "more expensive", "the most beautiful". Vitatu vya kukariri ni "good, better, the best", "bad, worse, the worst" na "far, further, the furthest". "Kuliko" ni "than", isichanganywe na "then". Vitu vikilingana sema "as big as".

Kosa moja la sokoni: kitu ni "expensive", lakini bei ni "high". Usiseme "The price is expensive", ingawa utaeleweka.

"Fish market" ina kivumishi?

Haina. Ni nomino mbili, ya kwanza ikifanya kazi ya kivumishi. Kiswahili kinaweka "-a" katikati na kuanza na jina kuu: soko la samaki, mafuta ya mawese. Kiingereza kinageuza: "fish market", "palm oil". Soma kutoka mwisho. "A boat engine" ni injini ya boti, "an engine boat" ni boti ya injini. Nomino hiyo ya kwanza kwa kawaida hubaki kwenye umoja: "a shoe shop", hata kama viatu ni elfu.

Ndiyo maana pia husemi "a ten-years-old boy". Ikitangulia nomino ni "a ten-year-old boy", bila s, na kistari katikati. Ikifuata kitenzi s inarudi: "The boy is ten years old." Vivyo hivyo "a five-day trip" na "a two-litre bottle".

Kuna vivumishi visivyofuata kanuni hizi?

Vipo. "Asleep", "alive", "awake", "afraid" na "alone" havitangulii nomino. Sokwe aliyelala ni "a sleeping chimpanzee", au "The chimpanzee is asleep", kamwe si "an asleep chimpanzee". Kinyume chake, "main" na "former" hutangulia tu: "the main road".

Vingine hufuata nomino kama kwetu. Baada ya "something", "nothing", "someone" na jamaa zao ni "something new", "nothing important". Na vyeo vichache kama "Attorney General" na "Secretary General" vina mpangilio wa Kifaransa, kwa kuwa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 sheria na utawala viliendeshwa kwa Kifaransa kwa muda mrefu.

"Very" na "too" ni sawa?

Si sawa. "Very hot" ni moto sana. "Too hot" ni moto kupita kiasi, hadi kuna jambo haliwezekani: "The tea is too hot to drink." Mwenyeji akikupikia ugali na samaki aina ya kuhe, mwambie "very good".

Nifanye zoezi gani nyumbani?

Chukua kitu kimoja kilicho mbele yako, tuseme ndoo. Kiandikie sentensi mbili: moja yenye kivumishi kabla ya nomino, "It is a big blue plastic bucket", na moja yenye kivumishi baada ya kitenzi, "The bucket is full." Kisha andika wingi wake, "They are big blue plastic buckets", uhakikishe -s imekaa kwenye neno moja tu. Halafu kilinganishe na kingine: "This bucket is bigger than that one." Kesho chukua kitu kingine. Ukiwa na mwenzako, mmoja aeleze kitu bila kukitaja na mwingine akibahatishe. Watoto wanaupenda sana mchezo huo, na wazazi wasiojua Kiingereza wanaweza kuusimamia, kwa kuwa kitu chenyewe kiko pale mezani na kila mtu anakiona.